Tunacheka Bobo, tunaogopa kapita

Siku ya posho yenye imepita, courant ilirudi mu avenue yetu saa ya mangaribi. Kijana wa jirani akatosha televizio yake inje, akaiweka juu ya meza pa barza, na watu wakaanza kufika, kila mutu na kiti chake. Hakuna mutu aliitwa. Hapa Katuba ni vile: mwenye kuwa na courant na televizio, ule ndiye eko na wageni.

Filme yenye waliweka inaitwa Le Crocodile du Botswanga. Haiko filme mupya, ilitoka mu Ufaransa mwaka 2014. Lakini mu avenue yetu ingali inatembea, kutoka clé USB moya kuenda ingine, na wengi wa ile mangaribi walikuwa hawajaiona. Nilikaa pale mpaka mwisho, na mabishano yenye yalifuata yalininyima usingizi. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwa wenye hawajaiona, nieleze kidogo. Botswanga ni inchi ya kutunga, hata utafute ku karte hautaipata. Mwenye kuitawala ni Capitaine Bobo, askari mwenye alikamata mamlaka kwa coup d'Etat, na mwenye kupenda mupira kupita raia wake. Kuko kijana, Leslie Konda, mucheza mupira mwenye alikomea mu Ufaransa lakini ukoo wake ni wa Botswanga. Didier, mutu mwenye kumutafutia timu na mikataba, anamupeleka kule apewe heshima. Bobo na Didier wanapatana kwa siri: apende asipende, huyu kijana atachezea timu ya taifa, ma-Crocodile. Kisha pale ni hatari na kicheko. Maneno yenye kutoka mu kinywa ya Bobo siwezi kuyaandika mu gazeti. Ni matusi, ni mambo ya chumba ya kulala, ni kutisha watu huku anacheka.

Tulikuwa watu sawa makumi mbili. Filme ilipoisha, tulikuwa tumegawanyika mara tatu.

Wa kwanza ni mama moya, bwana yake anatumika mu mine upande wa Kipushi. Yeye hakungoja mwisho. Katikati ya filme alisimama, akakamata watoto wake wawili kwa mukono: « Mi siwezi kuacha batoto banasikiliza bile bintu. Kesho batanirudishia yale maneno ku meza, mbele ya baba yabo. »

Wa pili ni mwalimu wa primaire. Alicheka kidogo pa mwanzo, kisha akanyamaza. Mwishoni akasema: « Banatucheka siye. Mukubwa mweusi, kwabo eko paka mujinga na bunduki. Kule Bulaya hakuna bakubwa ba bujinga? »

Wa tatu walikuwa vijana, na ndio walikuwa wengi: « Mwalimu, acha! Iko kweli yote. Ba-Bobo tuko nabo kila fasi. Tucheke tu, kulia tumekwisha kulia. »

Nataka kujibu hawa watatu moya kwa moya, kwa sababu kila mumoya wao eko na kipande ya ukweli.

Mama, kwa watoto, uko na haki. Filme ile haiko ya mutoto wa miaka 8, na mwenye televizio angengoja watoto walale. Ile ni adabu ya nyumba, haiombe sheria ya serikali. Lakini kisha kuenda kwako, watu wengine walisema zaidi: « Bile bintu bingekatazwa kabisa. » Pale mimi nilisimama. Wazee wetu wa kambi za Union Minière walijua vizuri kukatazwa. Wakati wa ukoloni kulikuwa komisyo yenye kuchagua filme gani mweusi anaweza kuona na filme gani itaharibisha akili yake. Muzungu wa bureau aliona yote. Mutumishi wa shimo aliona ile yenye ilichaguliwa juu yake, sawa mutoto.

Na leo, angalieni vizuri nini yenye kukatazwaka mu inchi yetu. Mwezi wa 9 mwaka 2015, walikataza L'Homme qui répare les femmes, filme juu ya kazi ya Dokta Mukwege. Mwezi wa 10 wakairuhusu. Mwezi wa 11 mwaka 2021, komisyo ya sensire ikakataza wimbo Nini tosali te wa kikundi MPR, kisha siku chache ikaufungua tena. Ile filme na ule wimbo havikuwa vya matusi. Filme ilisema juu ya bamama wa Kivu, wimbo ulisema juu ya maisha ya kila siku. Bobo na matusi yake yote anatembea mu avenue bila kuulizwa kitambulisho. Tuweke hii mu akili, nitairudilia.

Sasa mwalimu. Mwalimu anasema wazungu wanatucheka. Kwanza, tuseme ukweli: ile filme haikutungwa na wazungu peke yao. Fabrice Eboué, mwenye alitengeneza filme pamoja na Lionel Steketee na mwenye kucheza Didier, baba yake ni mutu wa Cameroun. Thomas N'Gijol, mwenye kucheza Bobo, wazazi wake ni wa Cameroun. Claudia Tagbo, bibi ya Bobo mu filme, alizaliwa mu Côte d'Ivoire. Mbele ya pale, mwaka 2011, Eboué na N'Gijol walikuwa wamecheka na utumwa wenyewe mu filme Case départ. Hawa ni wana wa Afrika wenye walizoea kucheka fasi yenye inauma.

Lakini siwezi kumuambia mwalimu kama anakosea kabisa, kwa sababu muji yetu iko na kidonda kwa ile mambo. Munamukumbuka Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe?

Mwaka 1974, Zaïre ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kuingia mu Coupe du monde, kule Ujerumani ya Magharibi. Mbele ya kwenda, Léopards walikuwa wamekamata kombe ya Afrika, Mobutu akawapa manyumba na magari. Kule Ujerumani mambo yakageuka. Uskoti ikawapiga 2-0. Yugoslavia ikawapiga 9-0. Feza yenye waliahidiwa hawakuiona. Watu wa Mobutu wakawaambia: Brazili ikiwapiga kupita 3, musijaribu kurudi. Mu ule muchezo, Brazili wakapata coup franc. Mbele wapige, Mwepu akatoka mu mustari wa wenzake, akakimbia, akapiga ule mupira mbali sana. Dunia nzima ikacheka. Miaka makumi na makumi wakaonyesha ile picha: angalia muafrika, hajue hata sheria ya mupira! Mwepu mwenyewe alieleza kisha kama sheria aliijua vizuri sana. Alikuwa na hasira, alikuwa anachezea watu wenye walikula feza yake, na alikuwa na hofu. Muchezo uliisha 3-0. Mwepu alikufa mwaka 2015.

Ona sasa. Capitaine Bobo wa kweli alikuwako, na timu ya taifa yenye kucheza kwa kutishwa ilikuwako, miaka 40 mbele ya ile filme. Lakini dunia haikucheka mwenye kutisha. Ilicheka mwenye kutishwa. Ndiyo kicheko kibaya ile, mwalimu, hata kama hakuna tusi ndani. Filme ya Botswanga, na uchafu wake wote, kwa mambo ya mupira angalau inapiga ule mwenye kustahili kupigwa: mukubwa mwenye kufanya muchezo wa watu kuwa mali yake.

Watabaki vijana. Hawa ndio walinisumbua zaidi, juu ni wao wenye nilikuwa ninacheka pamoja nao.

« Iko kweli yote », ndivyo walisema. Vizuri. Kama iko kweli, juu ya nini tunaweza kuisema paka kwa jina ya inchi yenye haiko? Botswanga haiko. Gondwana haiko pia, ile jamhuri yenye Mamane alisimuliaka ku RFI, na yenye alifanyia filme mwaka 2017, Bienvenue au Gondwana. Mutunzi anaficha jina juu ya usalama wake, ninaelewa. Lakini sisi wenye kuangalia, tunajificha pia. Tunacheka Bobo kwa sababu Bobo hataamuka asubui ya kazi moya akatungoja pa mulango ya mine na liste mu mukono.

Kati ya wale vijana, kulikuwa moya alicheka kupita wote. Anaiga sauti ya Bobo muzuri kabisa, mpaka watu walisahau televizio wakamuangalia yeye. Nikamuuliza: « Weye uko na zawadi. Juu ya nini haufanye teatre? » Akanyamaza kidogo, kisha akasema: « Yaya, nilishafanyaka. Mara moya. »

Akatusimulia. Alikuwa anatumika ku kampuni moya ya sous-traitance, jina yake sitaiandika. Kila mwaka walifanya siku ya usalama wa kazi, na wakubwa wakaomba watumishi watayarishe sketch. Yeye akacheza chef. Chef wake anasimama, anasema kwa nguvu: « Usalama mbele ya yote! », huku macho iko ku saa. Mutumishi anafika: « Chef, gant yangu imepasuka. » Chef anajibu: « Mungu alikupa mikono mbili, tumia ile ingine. » Watu walicheka mpaka machozi. Hata wakubwa walicheka, wakapiga mikono. Kisha miezi mbili, contrat yake ikafika mwisho, haikurudiliwa. Hakuna mutu alimuambia ni juu ya sketch. Hakuna mutu alimuambia pia haiko juu ya sketch. Lakini mwaka wenye ulifuata, wenzake wenye walibaki hawakutaka tena kucheza. Wakasoma paka ma-consigne ku karatasi, moya, mbili, tatu, na kila mutu akasinzia.

Wandugu, pale ndipo nilipoteza usingizi. Filme yenye tusi kila dakika juu ya kapitene wa mbali haikupotezea mutu hata makuta. Sketch ya dakika tano, bila tusi hata moya, juu ya chef wa karibu, mutu akakosa mukate nyuma yake. Basi mabishano yetu yote juu ya uchafu wa filme yalikuwa yanazunguka kando ya shimo. Mambo yenye kukasirisha wenye mamlaka ni ile yenye iko karibu na yenye iko sawasawa. Ile gant ilikuwa gant ya kweli.

Kulikuwa muzee mumoya pale, mutu wa shimo zamani, mwenye hakusema kitu tangu mwanzo. Akamusikia kijana, kisha akasema neno lenye siwezi kuruka: « Mutoto wangu, ninakuhurumia. Lakini sikia. Mu shimo hakuna mabishano. Chef akisema toka, unatoka. Mukimucheka leo, kesho nani atamusikia? Mamlaka mu shimo inaokoa watu. »

Ile haiko bubu ya akili. Ni mutu mwenye alizika wenzake. Na kwa dakika nzima hakuna mutu alimujibu.

Kisha muzee mwenyewe akaendelea, akisimulia kazi yake ya zamani. Mbele ya kuingia fasi mupya, walipigaka jiwe ya juu na chuma murefu. Jiwe nzima inalia sawa kengele. Jiwe yenye imepasuka inalia sawa ngoma, na pale unajua lazima kuiangusha mbele ikuangukie. Nikamuuliza: « Muzee, na kama chef alisema fasi iko muzuri, munaacha kupiga? » Akasema: « Hapana! Unapiga tu. Hata chef eko chini ya ile jiwe. »

Muzee, ni weye umesema. Kijana na sketch yake alikuwa anapiga jiwe. Watu wote walicheka kwa mara moya kwa sababu wote walisikia inalia ngoma: kila mumoya pale alikuwa amekwisha kuomba gant akarudishwa. Mukubwa mwenye akili angeandika mu kikaratasi: gant. Kicheko hakiondoe amri ya chef saa ya hatari. Hofu ndiyo inaondoa kitu, juu mutu mwenye kuogopa chef hatamuambia kama ameona mupasuko.

Na sisi wa Lubumbashi hatuwezi kusema ile ni desturi ya wageni. Mbele ya Botswanga na mbele ya Gondwana, tulikuwa na Mufwankolo. Wazee wa leo walikomea na ile sauti ku redio, kisha ku televizio: Groupe Mufwankolo, kwa Kiswahili yetu ya hapa, ya soko na ya kambi. Walicheka mulevi, bwana mwenye kula mushahara, bibi mwenye madeni, mukubwa mwenye kiburi. Mwaka 1986, Mobutu akiwa bado juu na chama kikiwa kimoya, walichukua mezali yenye inasemwa kwa Kifaransa « le pouvoir se mange entier », ni kusema mamlaka inakuliwa nzima, haigawanywe, wakaifanya mchezo mukubwa juu ya kijiji na chef wake. Ulichezwa, ulionyeshwa ku televizio, na Johannes Fabian, professeur mwenye alikuwa pamoja nao, akaandika juu yake kitabu kizima, Power and Performance, chenye kilitoka mwaka 1990. Walijua mipaka ya wakati ule, na hawakutaja jina ya mutu. Lakini hawakukimbilia inchi yenye haiko. Kijiji kilikuwa chetu, chef alisema sawa machef wetu, na mwenye kusikia alijua.

Leo, jumba ya teatre ya muji, ile yenye ilijengwa mu miaka ya 1950, inaitwa Bâtiment du 30 Juin, na ndani mwake munakaa Assemblée provinciale. Wenye mamlaka walipata jukwaa. Wachezaji walibaki pa barza.

Nimalizie na neno ya hatari, juu sitaki mutu aseme ninatukuza kila kicheko. Muji hii na Likasi na Kolwezi, tunajua kicheko chenye kinaua. Mbele ya wandugu wa Kasaï kufukuzwa mu 1992 na 1993, mbele familia zilale ku gare na vyombo vyao, walikuwa wameitwa kwanza « bilulu », vidudu, na watu walikuwa wamecheka. Wakubwa walikuwa wanacheka pamoja. Basi kanuni yangu ni hii: cheka kazi ya mukubwa, usicheke kabila yake, mwili wake, ao mama yake. Bobo wa filme anavuka ile mupaka mara nyingi, na pale mama wa Kipushi na mwalimu wanamushinda. Kijana wa sketch hakuivuka hata mara moya.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Wadelege wa sindika, munapokaa na wakubwa juu ya mushahara na posho, muongeze neno moya: mutu mwenye alicheza ku siku ya usalama, ile sketch isimufuate mu dossier yake. Haitalipisha kampuni hata franka. Wakubwa wa kampuni, munasema kila siku « usalama mbele », basi mupe watu jukwaa kweli, na mukae ku kiti cha mbele, na mulete kalamu. Na sisi wazazi, mutoto wetu akianza kuiga chef wa avenue ao mwalimu wake, tuangalie mbele ya kumupiga kama anatukana ao anasema kweli.

Ule kijana sasa anauza unités pa kona ya avenue yetu. Siku ya posho yenye inakuja, kama courant itakuwako, tumemuomba acheze ile sketch tena, nzima, pa barza, mbele ya filme. Mama wa Kipushi alisema ataleta watoto. Muzee wa shimo alisema atakuja na kiti chake.